Bei ya laptopu ile ile Kariakoo inabadilika kila nikiuliza. Nishike ipi?

MamaSteshenari, Morogoro

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu, hasa mliowahi kuuza au kununua kompyuta Kariakoo na Posta.

Nina steshenari hapa Moro, karibu na Msamvu. Tunachapa, tunatoa kopi, na siku hizi kazi kubwa ni kuwajazia watu maombi ya mtandaoni: mikopo ya HESLB, vyeti vya RITA, ajira za serikali, udahili wa vyuo. Mashine zetu mbili zimechoka. Moja ukifungua kurasa tatu inaganda, na hapo mteja amesimama mbele yako na dirisha la maombi linafungwa usiku ule ule. Nimejipanga kununua mbili za mtumba, ThinkPad T480, kwa sababu fundi wangu anaifahamu na vipuri vyake havisumbui. Nimetenga 1,400,000 kwa zote mbili.

Sasa sikilizeni bei nilizopewa. Ukurasa mmoja wa Instagram umeandika "bei DM". Nikaandika, nikajibiwa 620,000. Kesho yake nikapiga namba iliyowekwa pale pale, mwanaume mwingine akapokea, akasema 680,000. Nikamtuma mdogo wangu anayesoma Dar aende dukani kwa macho yake, akaambiwa 750,000 na kwamba ile ya Instagram ilikuwa ya mzigo uliopita. Ukurasa bado una picha ile ile, tena wameipandisha upya juzi.

Duka la pili liko Posta. Laki tano na tisini. Nilipouliza kama naandikiwa risiti, ikawa laki saba.

La tatu ndilo lililonikera. Mdogo wangu alikutana na kijana nje ya jengo, akamwambia T480 zipo kwa 640,000, akampeleka ndani. Muuzaji akakubali kwamba ni 640,000. Wakati wanaikagua akaingia mtu mwingine, akauliza mashine hiyo hiyo, akatajiwa 570,000 mdogo wangu akiwa amesimama pale pale.

Na hapa Moro kuna kaka anauza 780,000, anatoa waranti ya miezi mitatu, na duka lake nalijua.

Sitafuti cha bure. Muuzaji ana kodi ya fremu, ana watoto, lazima apate faida. Ninachotaka ni bei ambayo nikiondoka nayo Moro asubuhi, nikifika Kariakoo mchana niikute ni ile ile. Nikifunga ofisi siku nzima napoteza kazi, na nikimtuma mtu anapigwa. Bei ya kweli ya mashine hii ni ipi? Na je, kuna namna ya kumfanya muuzaji asimamie alichokisema?

Mkazi_wa_Ilala

Mama, Kariakoo ni soko na bei ni maelewano. Hakuna mwenye duka atakayekupa bei ya mwisho kwenye simu, anajua ukikata unampigia jirani yake kumwambia "fulani kanipa kadhaa, wewe unanipa ngapi". Panda SGR, njoo na hela, zunguka fremu kadhaa, ongea vizuri na watu, utapewa bei nzuri. Mimi sijawahi kununua kitu Kariakoo kwa bei ya kwanza na sioni tatizo. Mdogo wako ni mwanafunzi, walimsoma usoni wakajua hajui kitu.

MamaSteshenari

Nashukuru kaka, na maelewano nayajua, hata sokoni Mawenzi nanunua nyanya kwa maelewano. Lakini nyanya naiona yote. Hii mashine siioni ndani, na anayeijua ni yeye peke yake. Kwangu kopi ni shilingi mia kwa mwanafunzi na ni shilingi mia kwa diwani. Kwa nini mtu asiyejua kubishana alipe laki moja na themanini zaidi kwa kitu kile kile?

Kaunta_ya_Zamani, Dar es Salaam

Mama, salamu. Nimesimama kaunta ya duka la laptopu Kariakoo kwa miaka, kwa sasa nafanya shughuli nyingine, kwa hiyo naongea bila kulinda mkate wa mtu. Swali lako ni zuri na nitalijibu kwa urefu, maana bei zako zote hizo naweza kukuonyesha zilikotoka.

Anza na yule kijana wa nje. Huyo ni winga. Hana fremu, hana mtaji, kazi yake ni kuleta mteja. Akimleta mdogo wako kwa 640,000, mwenye duka anajua bei yake mwenyewe ni 570,000 na ile 70,000 ni cha juu cha winga. Mbele ya mteja hawezi kutaja 570,000, akifanya hivyo winga hamletei tena mtu. Yule aliyeingia peke yake alipewa bei ya duka. Kwa hiyo pale hamkuonewa kwa sababu ya sura. Mlilipishwa gharama ya kuletwa. Mawinga nao wanakula kwa jasho lao na wengine ni waaminifu sana, ila unatakiwa ujue kwamba yupo na kwamba anayemlipa ni wewe.

Ukurasa wa Instagram unaweza kuwa ni winga huyo huyo kwa sura nyingine. Kurasa nyingi zinazoonekana kama duka hazina duka. Mtu anapita fremu za watu, anapiga picha, anaweka namba mbili tatu za wenzake. Aliyekujibu DM ana hesabu yake, aliyepokea simu ana yake, na pale mdogo wako alipopelekwa ni kwa mtu wa tatu. Ukiuliza T480 na hawana, wanakimbilia duka la jirani wanaichukua mali kauli, wanakuuzia, ndipo wanampelekea mwenyewe hela yake. Kila mkono unaopitia unaongeza kitu. Swali la kwanza kumuuliza mtu wa mtandaoni ni "duka lenu lipo jengo gani, ghorofa ya ngapi, na mashine ipo dukani sasa hivi?" Akikujibu "tupo Kariakoo, ukifika piga simu", umeshajua unaongea na nani.

Duka la Posta ni hesabu tupu. Chukua 590,000, ongeza asilimia 18 ya VAT, unapata 696,200. Akazungusha kuwa laki saba. Ile ya kwanza ilikuwa bei ya kuuza bila kuandika, na hilo ni kosa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, ni wajibu wa muuzaji, wala si huduma ya ziada unayoongezewa hela. Tena kuna jambo watu wa mikoani hawaambiwi: tangu Julai 2023 biashara ambayo mauzo yake hayafiki shilingi milioni 200 kwa mwaka hailazimiki kusajiliwa VAT. Duka lisilosajiliwa linatakiwa kukupa risiti lakini haliruhusiwi kukutoza VAT. Kwa hiyo akikwambia "risiti ni asilimia 18 juu", muulize namba yake ya usajili wa VAT, ile VRN. Kama hana, hiyo asilimia 18 anaiweka mfukoni. Risiti ukishaipata, kuna msimbo wa kuhakiki chini yake, unauingiza kwenye tovuti ya TRA unaona kama ni ya kweli na kiasi ni kile ulicholipa. Wewe una biashara, hiyo risiti unaihitaji kwenye mahesabu yako. Usikubali kununua bila hiyo ili upunguziwe.

Halafu wapo watakaokutajia bei kwa dola wakisema shilingi inapanda na kushuka. Ni kweli mzigo unanunuliwa kwa dola Dubai, lakini kanuni zilizotoka Machi 2025 zimepiga marufuku kunukuu bei ya bidhaa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Na laptopu ushuru wake wa forodha Afrika Mashariki ni asilimia sifuri, kwa hiyo anayekwambia "ushuru umepanda" anakuzungusha. Kinachopandisha bei ni msimu. Vyuo vikifungua Oktoba na Novemba na boom, hela ya kujikimu ya wanafunzi, likitoka, mashine iliyokuwa laki tano na nusu inauzwa laki sita na nusu bila mtu kuigusa. Kama unaweza kusubiri, nunua kabla au nunua baada.

Nimeacha kubwa zaidi mwisho kwa sababu ndilo linalojibu swali lako la "bei ya kweli". Hakuna bei ya T480. T480 ni jina la familia. Ilitoka 2018, na Lenovo waliiuza kwa ofisi za Ulaya na Marekani ikiwa na maumbo mengi. Kuna yenye i5-8350U au 8250U, hizo ni kizazi cha nane, na kuna yenye i5-7300U, kizazi cha saba, sura ni moja. Angalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Kuna ya kioo cha HD, 1366 kwa 768, na ya FHD, 1920 kwa 1080. Kwa mtu anayechapa siku nzima hizo ni mashine mbili tofauti. Ina betri mbili, moja ndani ya 24Wh na nyingine nje inayochomoka, na hiyo ya nje ipo ya 24, ya 48 na ya 72. Mzigo ukifika, wapo wanaochomoa ile kubwa na kuiuza peke yake, wanaweka ndogo. Kuna pia T480s, nyembamba, nzuri, lakini ina nafasi moja tu ya kuongeza RAM na betri yake ni ya ndani peke yake. Muuzaji akisikia "T480" anakutajia bei ya yoyote aliyonayo. Bei zako hizo huenda zilikuwa za mashine tofauti.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei tena, ifunge mashine kwanza. Andika ujumbe mmoja, utume kwa wote bila kubadilisha neno:

"Nahitaji ThinkPad T480 mbili, siyo T480s. Prosesa i5-8250U au i5-8350U, RAM 16, SSD 256, kioo FHD, kibodi ya Kiingereza, betri mbili na ya nje iwe 48Wh au zaidi, chaja ya 65W. Naomba profoma yenye jina la duka, TIN, bei ya jumla ikiwa na kodi na risiti ya EFD, seriali namba za mashine zote mbili, muda wa waranti, na tarehe bei hii inapoishia."

Anayetaka kuuza atakutumia. Profoma, yaani karatasi ya bei unayopewa kabla ya kulipa, kwa mwenye duka ni kazi ya dakika kumi, mashirika wanaiomba kila siku. Seriali namba ndiyo inayomfunga, kwa sababu haongelei tena mashine ya hewani, anaongelea ile iliyopo rafuni. Na ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Lenovo unaona mashine ilivyotoka kiwandani: prosesa gani, kioo gani. RAM na diski zinaweza kuwa zimebadilishwa, ila prosesa haibadilishwi, imechomelewa.

Malipo: usitume hela yote. Na ukituma chochote, kiende kwenye Lipa Namba au akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye profoma. Jina likija la mtu binafsi, simama hapo.

TEHAMA_Dodoma

Kaunta kamaliza, mimi naongeza upande wa ukaguzi, maana nimepokea mashine nyingi za mtumba za ofisi na bei inayoonekana nzuri mara nyingi inajilipa hapa.

Mama, kwa kazi yako ya kuchapa, hiyo "kibodi ya Kiingereza" aliyoandika Kaunta ipe uzito mkubwa. Mzigo mwingi unatoka Ujerumani, Ufaransa na nchi za Skandinavia. Kibodi ya Kijerumani imebadilishana Y na Z. Ya Kifaransa A imekaa penye Q. Fikiria kuandika Kiswahili na Y na Z zimepishana, "ya", "za", "wazazi", "yeye", kila mstari unagongana. Wauzaji wanabandika stika juu ya vitufe, na unaweza kubadilisha mpangilio kwenye Windows, lakini kitufe cha Enter na cha Shift vina umbo tofauti na vidole vya mchapaji vinajua. Mashine za hivyo ni rahisi kwa haki kabisa. Anayefanya mahesabu ya mauzo tu zinamfaa, wewe hazikufai. Pitisha kidole juu ya vitufe, stika inasikika.

Jambo la pili ni Windows. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Ndiyo maana ofisi za nje zimetupa mashine za kizazi cha sita na cha saba na soko limejaa kwa bei chee. Kuna njia ya kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine hizo, na wauzaji wanaitumia, kwa hiyo kuona Windows 11 kwenye kioo hakuthibitishi kitu. Nyinyi mnaingiza namba za NIDA na taarifa za benki za watu, msikae kwenye mfumo usiosasishwa.

La tatu linaweza kukupotezea hela yote. Mashine hizi zilikuwa mali ya makampuni, na kampuni ikisahau kuitoa mashine kwenye usajili wake, siku ukiweka Windows upya na kuunganisha intaneti inakuletea ukurasa wenye jina la kampuni ya Uholanzi au wapi, inadai barua pepe na nywila ya mfanyakazi wao. Muuzaji anaikwepa kwa kuweka Windows bila intaneti, mashine inaonekana safi. Njia ya kujua ni kuifuta na kuianzisha upya dukani ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako tangu mwanzo. Inachukua muda, muuzaji atalalamika, mwambie unasubiri. Halafu izime, iwashe, bonyeza F1, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nywila, iache.

Kwa betri, fungua ile Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Inakutengenezea ukurasa wenye namba mbili: uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake leo. Betri ya 48Wh inayojaa 20 tu imekwisha nusu na zaidi. Hapo ndipo unapopunguziwa bei kwa hoja, bila kubishana.

Na T480 ina ugonjwa wake unaojulikana. Kuna toleo la zamani la programu ya ndani ya Thunderbolt lililokuwa linaua matundu ya Type-C, na mashine hiyo inachajiwa kupitia hapo hapo. Lenovo walitoa sasisho. Chomeka chaja tundu la kwanza, kisha la pili, yote mawili yachaji, kisha jaribu flashi kwenye kila tundu.

Msafiri254, Nairobi

Hamjambo wote. Huku kwetu Moi Avenue na Luthuli hali ni hiyo hiyo, msidhani Nairobi ni peponi. Unaambiwa 30,000, ukiitisha risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya huku, inakuwa 34,800, hiyo ni asilimia 16 yetu. Ukiingia na broka wa mlangoni unalipa mshahara wake.

Nasema haya kwa sababu najua kuna mtu atamwambia Mama avuke Namanga. Mama, usihangaike. Ushuru wa forodha ni sifuri pande zote mbili, lakini VAT ya Tanzania utatakiwa kuilipa mpakani, na nauli, na mashine ikileta shida huwezi kuirudisha Nairobi kila wiki. Tofauti ya bei unayoiona kwenye mitandao inaishia barabarani. Kitu kimoja tu nimejifunza huku: nikipata duka lililonipa bei moja kwa simu na bei hiyo hiyo dukani, nanunua kwao hata kama jirani yake ni rahisi kwa elfu mbili, na nimewatumia wateja wengi.

MamaSteshenari

Wakuu, Mungu awabariki. Nimetuma ule ujumbe kama ulivyo, neno kwa neno.

Ukurasa wa Instagram haujajibu mpaka sasa, ila wameniwekea emoji ya moto. Duka la kijana wa nje wameniambia "njoo tuongee mama yangu, hatutashindwana". La Posta wamenitumia profoma ndani ya saa moja, yenye TIN, VRN na seriali namba: 1,340,000 kwa mbili, risiti ndani, waranti mwezi mmoja, bei inaishia Ijumaa. Nimeingiza seriali namba kwenye tovuti ya Lenovo kama mlivyosema. Zote ni i5-8350U na FHD. Nilifurahi sana kuona namba hizo kwa macho yangu mwenyewe, nikiwa hapa hapa Moro.

Kuna na duka jipya sikulitaja mwanzo, Kariakoo, wametuma 1,080,000 kwa mbili. Seriali namba zinaonyesha i5-7300U na kioo cha HD. Wameandika juu "Windows 11 Pro, kama mpya".

Na yule kaka wa hapa Moro. Nilimpelekea karatasi mkononi. Akaisoma yote, akafungua stoo, akaniwekea tatu mezani nichague. Kizazi cha nane, FHD, kibodi ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya 3. Betri ya nje ya moja ni 24Wh, akasema mwenyewe kabla sijauliza. Bei yake 780,000 moja, kwa mbili amefika 1,480,000, na risiti anatoa. Hajasajiliwa VAT, ameniambia wazi na kunionyesha. Waranti miezi mitatu.

Sasa naona tofauti ya Posta na Moro ni 140,000, na inazidi bajeti yangu kwa 80,000. Nielekee wapi? Na yule wa "kama mpya", kuna mahali pa kumpeleka au niachane naye?

Mkazi_wa_Ilala

Posta. Hela ni hela. Na nakubali, huo ujumbe wa Kaunta nami nitautumia.

Kaunta_ya_Zamani

Mama, umefanya kazi safi. Ona sasa umebaki na bei mbili za kitu kimoja, na unajua kwa nini zinatofautiana.

Kwa yule wa 1,080,000: bei yake kwa mashine ile si mbaya, kosa liko kwenye maelezo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza muuzaji kutoa maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilingane na kilivyoelezwa. Hujamlipa, kwa hiyo huna hasara ya kudai. Kama ungependa, Tume ya Ushindani, FCC, wanapokea malalamiko ya walaji, na ujumbe wake wa maandishi unao. Hifadhi picha ya mazungumzo.

Posta na Moro. Ningekuwa wewe ningehesabu nauli ya kwenda na kurudi, kazi utakayopoteza kwa kufunga siku hiyo, na safari nyingine ikitokea moja imegoma ndani ya mwezi. Ile 140,000 itapungua sana. Halafu mrudie kaka wa Moro, na usimwombe akupunguzie tu kwa sababu Posta ni rahisi. Mwambie kitu mahususi: ile yenye betri ya 24Wh, ama aibadilishe iwe ya 48, ama aitoe kwenye bei. Betri hiyo ina thamani inayojulikana na yeye aliitaja mwenyewe, hatakosa kukusikiliza. Akifika 1,420,000, mimi ningenunua kwake. Asipofika, profoma ya Posta inakulinda hadi Ijumaa, panda treni ya asubuhi uwahi kuzifuta na kuzianzisha upya kama TEHAMA alivyosema, kabla hujalipa.

Popote utakaponunua, seriali namba ziandikwe kwenye hati ya waranti. Risiti ya EFD mara nyingi inaandika "laptop" tu, na mashine ikirudi bila namba kwenye karatasi, mtu anaweza kusema si yake.

TEHAMA_Dodoma

Na ukienda kwa huyo kaka beba simu yenye bando. Za kwake nazo zianzishwe upya zikiwa na intaneti, hata kama unamwamini. Yeye mwenyewe huenda hajui kama kuna iliyofungwa, maana anachukua mzigo kwa watu.

MamaSteshenari

Sawa. Naenda kwake kesho saa nne, wateja wa asubuhi wakipungua. Nikimaliza nitaweka hapa bei niliyolipa na majibu ya betri, ili anayetafuta T480 Moro awe na pa kuanzia.